Chupa ya bia haitupwi: tabianchi yetu inaanzia jikoni na kwenye mitaro

Mvua kubwa ikinyesha Bukavu usiku, asubuhi yake usitazame milima kwanza. Tazama ziwa, kule ambako Kivu inaishia na mto Ruzizi unaanza. Utakuta mkeka mpana wa chupa za plastiki, sashe, viatu vilivyochanika, maganda na vijiti, vyote vimeteremka na maji kutoka Kadutu, Ibanda na Bagira. Mkeka huo haukai pale. Maji yanausukuma polepole hadi kwenye kiwanda cha umeme cha Ruzizi 1, ambacho hakiko mbali, na huko unajibana mbele ya vyuma vinavyochuja maji kabla hayajafika kwenye turbini. Takataka zikipenya, turbini inasimama. Wafanyakazi wanazitoa siku baada ya siku, na bado umeme unapungua mjini.

Jioni hiyo nyumba maelfu zinawasha mbabula.

Mbabula inakula makala. Makala yanatoka kwenye miti ya Kalehe, ya Kabare, ya Bunyakiri, na mengine, hata kama wauzaji hawapendi kulisema, yanatoka ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Mlima uliokatwa miti haushiki maji tena. Mvua inayofuata inashuka na udongo, udongo unaziba mitaro, maji yanatafuta njia kati ya nyumba, yanazoa chupa, na chupa zinarudi kwenye Ruzizi. Mzunguko unaanza upya. Na si Bukavu peke yake: Goma na Uvira pia zimekuwa zikipata umeme kutoka kwenye mto huo huo.

Naandika juu ya mzunguko huu kwa sababu kila tunapoongelea mabadiliko ya tabianchi tunaruka mbali. Tunaongelea barafu za nchi za baridi, mikutano ya marais, na mabilioni ambayo hayafiki. Mimi nikijiuliza tabianchi imenigusa wapi, jibu linakuja na harufu ya moshi na bei ya maharage.

Shangazi yangu analima Walungu. Kwa hesabu ya wazee, maharage ya msimu wa kwanza yanaingia ardhini mwezi wa tisa, ya msimu wa pili mwezi wa pili. Hesabu hiyo haikuandikwa popote na ilikuwa inatosha. Siku hizi ananipigia simu mwezi wa kumi kuniambia kwamba mvua ilimdanganya: ilinyesha siku chache, akapanda, kisha jua likawaka wiki mbili mfululizo, mbegu zikafa, na sasa anatafuta pesa za kununua mbegu nyingine. Mwaka mwingine ni kinyume, mvua haitaki kukatika na maharage yanaozea shambani. Mkulima aliyepanda mara mbili anavuna mara moja, na hasara yake inateremka naye hadi soko la Nyawera, ambako sisi wa mjini tunailipa kipimo kwa kipimo. Mtu asiniambie kwamba haya ni mazungumzo ya waliosoma. Shangazi hakumaliza shule ya msingi, na ndiye aliyeanza kunieleza.

Halafu kuna Kalehe. Alhamisi tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, siku ya soko Nyamukubi, mvua ilinyesha milimani na mito ikashuka na mawe, miti na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana. Wengine wengi hawakuonekana mpaka leo, wako chini ya mawe au ndani ya ziwa. Siku mbili kabla yake, ng'ambo ya ziwa, mvua za usiku ziliua watu zaidi ya 120 nchini Rwanda. Nchi nzima iliomboleza tarehe 8, wakubwa wakaja na majeneza na magunia ya unga, kisha wakarudi Kinshasa.

Jambo moja la mkasa ule halikuongelewa vya kutosha, na kwangu ndilo linalouma baada ya vifo vyenyewe. Kundi la wanasayansi wa kimataifa, World Weather Attribution, lilifanya uchunguzi kujua kama joto la dunia liliongeza ukali wa mvua ile. Ndiyo kazi yao, wamefanya hivyo kwa mafuriko ya Ulaya, ya Pakistani, ya Afrika Kusini. Mwezi wa sita walitoa jibu: hawawezi kusema. Vipima mvua vya eneo letu ni vichache mno, na takwimu za satelaiti zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Ujerumani au Ubelgiji watu wakifa kwa mafuriko, baada ya wiki chache dunia inajua ni kiasi gani cha lawama ni cha tabianchi. Kalehe watu zaidi ya 400 wanakufa na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ilinyesha milimita ngapi pale mlimani.

Kipima mvua, ndugu msomaji, si roketi. Cha kawaida ni chombo chenye alama za milimita, na mtu mmoja mwaminifu wa kukisoma kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Kila shule ya sekondari ya Kivu ingeweza kuwa nacho, mwalimu wa jiografia angekuwa na somo la bure, na kila parokia vilevile. Siku tunapokwenda kudai fidia kwa waliochafua hewa, tutaulizwa ushahidi. Tutapeleka nini? Picha za simu?

Maana kudai tunayo haki, sibishani na hilo. Mkongomani mmoja, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe yanayochomwa nchini mwake, hafikishi hata kilo 100 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Wastani wa mtu mmoja duniani unazidi tani 4. Aliyepasha dunia joto si mama wa Cimpunda mwenye mbabula moja na watoto sita. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo tunaipita haraka: kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa ya pili duniani, nyuma ya Brazili, kwa kupoteza msitu asilia, karibu nusu milioni ya hekta kila mwaka. Sehemu kubwa haikatwi na makampuni makubwa. Inakatwa na wakulima wadogo wanaotafuta shamba jipya, na na watu wanaotafuta kuni na makala. Zaidi ya Wakongomani tisa kati ya kumi wanapikia vitu hivyo viwili. Umeme unamfikia mmoja hivi kati ya watano.

Kinshasa wanapenda kusema kwamba Congo ni nchi suluhisho. Rais Tshisekedi amelisema mara nyingi kwenye mikutano ya nje: tuna msitu, tuna maji, tuna kobalti ya kutengenezea betri za magari ya umeme, na katika bonde la kati tuna udongo mweusi wa majimaji uliohifadhi kaboni nyingi ajabu, tani bilioni 30 hivi tukijumlisha na upande wa Brazzaville. Yote ni kweli. Glasgow mwaka 2021 ilitiwa saini ahadi ya dola milioni 500 kwa miaka mitano ili msitu ulindwe. Mwezi wa saba mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ikatangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa hifadhi ya Virunga na udongo huo huo mweusi. Mnada ukafutwa mwezi wa kumi 2024. Ukifuatilia siasa hizi unapata kizunguzungu, kwa hiyo niziache.

Ninachotaka kuonyesha ni umbali uliopo kati ya maneno hayo na sufuria. Kobalti yetu inaendesha magari ya Oslo na ya Shanghai, karibu robo tatu ya kobalti yote ya dunia inatoka kwetu. Koltani ya Rubaya iko ndani ya simu yako unayosomea maandishi haya. Simu hiyo umeichaji wapi? Kama uko kwenye mitaa mingi ya Kadutu, umeichaji kwa jirani mwenye paneli ya jua, kwa franka mia kadhaa. Maisha yetu ya kisasa yako hivyo: video ya Dubai mkononi, na makala chini ya bugali. Siwacheki wanaoishi hivyo, ndivyo ninavyoishi pia. Ila inanichosha kusikia kwamba tatizo letu ni kukosa elimu ya mazingira.

Hapa nifike kwenye ugomvi wangu. Kwa zaidi ya miaka ishirini tumehamasishwa. Mashirika yanakuja, yanakodi ukumbi, yanagawa fulana na kofia, yanatufundisha kwamba mti ni uhai na takataka ni mbaya. Mezani, mbele ya kila mshiriki, kuna chupa ndogo ya maji ya plastiki. Mkutano ukiisha, chupa zinakwenda kwenye gunia, gunia linakwenda kwenye mtaro, na mtaro unajua njia ya kwenda Ruzizi. Nimehudhuria mikutano hii ya kutosha kujua kwamba hakuna mtu ndani ya ukumbi ambaye hakujua tayari. Mama anayeuza makala anajua mlima umebaki mtupu kuliko mtoa mada, maana yeye ndiye anayeona magunia yakitoka mbali zaidi kila mwaka.

Sasa nikuulize: umeona lini chupa ya Primus imetupwa?

Utaniambia kioo kinazama, haiwezi kuelea ziwani. Sawa. Lakini hata kwenye mitaro huioni, hata kwenye jalala huioni, hata asubuhi ya kwanza ya mwaka mpya, ambapo mji mzima umekunywa, huioni. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba chupa hiyo ikivunjika kuna kesi. Sababu ni vidanje. Chupa tupu ina bei. Ukienda kununua bia bila chupa tupu, mwenye duka anakutoza na chupa. Kwa hiyo inarudi, inaoshwa, inajazwa tena. Hakuna shirika lililotuhamasisha kutunza chupa za bia. Hakuna fulana yenye maandishi hayo.

Hata plastiki yenyewe, ile yenye kazi haitupwi. Bido la njano linatembea na familia miaka kumi, likipasuka linashonwa kwa moto. Chupa kubwa inanunuliwa tena na muuza mawese, na mwenye kasiksi, na kadhafi wa mafuta ya pikipiki barabarani. Inayoishia kwenye turbini ni ile ndogo, ya nusu lita, ya maji au ya juisi, ambayo ikiisha haimfai mtu, pamoja na sashe. Watu ni wale wale, mtaa ni ule ule, tabia ni zile zile. Chupa moja inatunzwa kama yai, nyingine inatupwa kama ganda. Tofauti ni bei peke yake.

Ndiyo maana siamini tunapoambiwa kwamba wakaaji wa Bukavu ni wachafu kwa asili. Mimi naona watu wanaopiga hesabu vizuri sana, tena hesabu ngumu, kila siku, na pesa kidogo.

Tuipeleke hesabu hiyo jikoni. Kwa nini mama anapikia makala hata kama nyumba yake ina waya wa umeme? Kwanza, makala yanauzwa kidogo kidogo. Ukiwa na franka elfu moja unapata kiasi cha kupika chakula cha jioni. Hakuna anayekutaka ulipe mwezi mzima, wala kununua jiko la pesa nyingi kwanza. Pili, na hili wahandisi hawalifikirii, maharage yanataka saa mbili au tatu. Ukiyaweka kwenye reshoo ya umeme na umeme ukakatika katikati, maharage yanabaki magumu, unayahamishia kwenye mbabula na unalipa mara mbili. Ukipikia makala tangu mwanzo, unajua watoto watakula. Mama huyo hapingani na tabianchi. Anakataa kuwakopesha delestaji chakula cha watoto wake.

Na makala yenyewe ni uharibifu hata kabla hayajafika mjini. Wachomaji wanapanga magogo, wanayafunika kwa majani na udongo, wanawasha moto mdogo usiopata hewa, na wanakesha siku kadhaa wakiziba nyufa. Mara nyingi kilo 100 za mti hazitoi hata kilo 20 za makala. Zinazobaki zimekwenda na moshi. Mchomaji naye hapati utajiri. Ukihesabu vizuizi vyote vya njiani, vyenye sare na visivyo na sare, kila kimoja na fungu lake, utashangaa gunia linafika vipi.

Njia nyingine ipo, tena imeshajaribiwa kwetu. Wakuu wa hifadhi ya Virunga walielewa kwamba vita vya makala haviwezi kushindwa kwa bunduki za walinzi peke yake, maana Goma lazima ipike. Wakajenga mabwawa madogo ya umeme kwenye mito inayotoka ndani ya hifadhi. La Matebe, Rutshuru, lilianza kazi mwaka 2015, megawati 13 na kidogo, na umeme wake ukafika Goma. Vita imekata nyaya zake mara kadhaa, lakini fikra ilikuwa sahihi: ukitaka kuokoa mti, uza umeme unaoaminika kwa bei ya makala. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda inatoa gesi ya metani ndani ya Kivu tangu 2016 na kuigeuza kuwa umeme, megawati 26 kwa kiwanda kimoja cha Karongi. Ziwa ni lile lile, gesi ni ile ile. Upande wetu miradi bado iko kwenye karatasi. Najua gesi nayo inachoma, si takatifu. Lakini kati ya gesi ya ziwa na msitu wa Kahuzi-Biega, ningechagua haraka.

Kuna atakayesema: wewe ndugu, watu wanakufa kwa risasi, miji imebadilisha mikono, mabenki yamefungwa, na wewe unatuletea habari za chupa na maharage. Ninamwelewa. Lakini vita haisimamishi mvua. Mwezi wa tano 2025, katikati ya vita, mafuriko yalizoa kijiji cha Kasaba, Fizi, kando ya Tanganyika, usiku watu wakiwa wamelala, na makumi wakafa. Na vita yenyewe inakata miti: waliokimbia Masisi na Rutshuru na kujazana kando ya Goma kati ya 2022 na 2024 walipikia nini? Kuni za Virunga, hawakuwa na kingine. Hata Uvira, ambako maji ya Tanganyika yalipanda 2020 na 2021, yakapanda tena 2024 na kuingia ndani ya nyumba, hakuna aliyepata nafasi ya kusubiri amani kwanza ndipo ahame. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Maji yote ya Ruzizi, pamoja na matope yetu, yanakwenda kusubiri humo.

Kuhusu kujenga kwenye mabonde na kwenye miteremko niseme kwa ufupi, maana wengi wamesema. Krismasi ya mwaka 2023 mvua iliua watu zaidi ya kumi Bukavu, nyumba zikiwaangukia. Baada ya kila mkasa tunaambiwa waliokufa walijenga mahali pabaya. Ni kweli. Lakini wengi wao walikuwa na karatasi. Kuna aliyekata kiwanja kando ya mto, kuna aliyetia muhuri, na kuna aliyepokea pesa. Hao watatu hawalali bondeni. Aliyekimbia vita kutoka Shabunda au Kalehe na kuja mjini bila kitu ananunua pale anapoweza kulipa, na mahali pa bei ndogo ni pale ambapo maji yatapita. Hiyo nayo ni hesabu. Mpaka siku aliyetia muhuri atakaposimama mbele ya jaji, mahubiri ya kuhama yatabaki mahubiri.

Basi kama tunataka kukata mzunguko mahali fulani, mimi ningeanza na mahali pepesi kuliko pote, ambapo hapahitaji Oslo wala Glasgow. Sheria tunayo. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017 serikali ilitia saini agizo la kukataza mifuko na sashe za plastiki. Nenda soko la Kadutu leo uone agizo hilo linavyoheshimiwa. Rwanda ilikataza mifuko hiyo tangu 2008, na sote tunaovuka mpaka tunajua: sashe inabaki kwa afisa wa forodha, hakuna mjadala. Sisi tuliandika katazo, wala hatukuweka mtu wa kulisimamia, wala hatukumpa mwenye duka kitu cha kufungia unga.

Chupa, hata hivyo, haihitaji katazo. Inahitaji vidanje. Viwanda vya bia vina malori yanayopeleka kreti zilizojaa na kurudi na kreti tupu, njia imeshalimwa. Mwenye kiwanda cha maji au cha juisi atozwe kiasi fulani kwa kila chupa, arudishiwe anapoonyesha chupa amezikusanya. Anayeingiza kutoka Rwanda au Uganda alipe mpakani, forodha inajua kuhesabu. Mnunuzi alipe chupa pamoja na maji yake, arudishiwe akiirudisha. Na asipoirudisha yeye, ataiokota maibobo wa Nyawera, ambaye leo anashinda na njaa akipita juu ya pesa ambazo hazijapewa thamani.

Wataalamu wa fedha wataniuliza mambo mengi: nani atashika mfuko huo, pesa zitapotelea wapi, chupa zikishakusanywa zitapelekwa kiwanda gani. Maswali mazuri. Hilo la mfuko linanitisha hata mimi, tukijua mifuko ya kwetu. Ndiyo maana ningependa pesa zisipite serikalini kabisa, zikae kati ya kiwanda, duka na mnunuzi, kama zinavyokaa za bia tangu wakati wa baba zetu, ambapo sijawahi kusikia waziri akihitajika ili chupa tupu ipokelewe.

Bei iwe kiasi gani? Ningeanza na franka 100 kwa chupa ya nusu lita. Wakubwa wataona ni ndogo. Wawaulize watoto wa Kadutu watakusanya ngapi kabla ya saa sita mchana.